Nilivyochagua meli ya kuwapeleka wazazi Ulaya, nikasahau kitu ambacho kila Mkisii anakijua

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa umri wangu (tumebaki wachache) na nyinyi wajukuu mnaosomea kwenye simu.

Nimeona kijana mmoja humu anauliza achukue meli gani na apitie bandari zipi kwenye cruise yake ya kwanza ya Ulaya. Mmemjibu vizuri, kuna mpaka aliyemchorea ramani. Nilitaka kumjibu pale pale, nikaona jibu langu litakuwa refu kuliko swali lake mara kumi. Ndiyo maana nimefungua uzi wangu.

Haya ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Pale kumbukumbu ilipofifia nitawaambia kwamba imefifia.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado mpya, na Mfereji wa Suez ulikuwa haujafungwa. Kwetu ni Manga, kule juu mlimani. Siku hizi ni Nyamira, wakati huo sote tulikuwa Kisii tu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Kampala. Nilikuwa graduate wa kwanza pale kijijini, na nilikuwa na ugonjwa mmoja: kufikiri. Sisemi akili, nasema kufikiri. Nikitumwa sokoni kununua chumvi ningewaza kwanza kama mvua itanyesha, chumvi itaingia maji, mfuko utatoboka, na kama nipitie njia ya juu au ya chini. Nikifika, soko limefungwa.

Dada yangu mkubwa, Kemunto, alikuwa Uingereza akisomea uuguzi. Akampata mchumba huko huko, kijana wa Marani, mtu wa kwetu kabisa. Wakapanga harusi kanisani kule, kwa sababu wote wawili walikuwa wamefungwa na masomo na hawangeweza kurudi.

Kemunto aliomba kitu kimoja. Alitaka baba na mama wawepo.

Mzee alikuwa na shamba la pareto na kinu cha kusaga unga pale Birongo. Tangu Kemunto aondoke alikuwa akiweka akiba kwa ajili ya siku kama hiyo, kwa hiyo pesa si hadithi ya leo.

(Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "mbona hamkupanda ndege". Mzee alikataa ndege. Alisema anataka kusafiri mahali ambapo anaweza kusimama, kutembea, na kumgeuzia mtu mgongo akimuudhi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yake na hakuongeza nyingine.)

Basi meli. Na kwa kuwa wazazi hawakujua Kiingereza, ilikuwa lazima niende nao. Nani achague meli? Msomi.

Wakuu, hapo nilikabidhiwa moto na majani makavu.

Mjini Kisii kulikuwa na mzee mmoja Mwislamu, tumwite Mzee Seif, mwenye duka la vitambaa. Jamaa zake walikuwa Mombasa, na kupitia wao alikuwa akikata tiketi za meli. Nyuma ya kaunta aliweka brosha za kampuni za meli chini ya marobota ya khanga.

Nilienda kwake mara nyingi mpaka wateja wake wakadhani nimeajiriwa pale.

Meli zilikuwa tatu. Majina yao siyataji, nitaziita ile nyeupe, ile nyeusi, na ile ya mizigo.

Nyeupe ilikuwa ya abiria, nzuri ajabu kwenye picha. Ilipitia Aden, Suez, Port Said, halafu Naples, Marseille, mpaka London.

Nyeusi nayo ilikuwa ya abiria, lakini ilizunguka Afrika yote kwa kusini. Dar, Beira, Durban, Cape Town, kisha juu kuelekea Uingereza.

Ya mizigo sikuitazama mara mbili. Haikuwa na daktari, wala tarehe ya kuaminika, na picha yake kwenye karatasi ilionekana kama kiwanda kinachoelea.

Nikaanza kazi. Nilikuwa nalala kwenye esaiga, ile nyumba ndogo ambayo kijana wa Kikisii hujengewa akishatahiriwa, mbali kidogo na nyumba ya wazazi. Ukuta wake wote wa ndani niliujaza makaa: mistari, mishale, majina ya bandari.

Niliwaza kuhusu Sabato. Sisi ni Waadventista, kwa hiyo meli inayong'oa nanga Jumamosi ilikuwa haifai. Nyeupe iliondoka Jumatano. Vizuri.

Niliwaza kuhusu nyama ya nguruwe jikoni. Niliwaza kuhusu magoti ya mama na ngazi za meli. Niliwaza jua: ukipanda Bahari ya Shamu kwenda kaskazini, jua la mchana hupiga upande wa kushoto, kwa hiyo wazee walale kulia. Niliwaza mawimbi, nikasoma kwamba katikati ya meli hapayumbi sana kama mbele na nyuma, kwa hiyo chumba kiwe katikati.

Nilifikia hatua ya kumwambia mzee twende Kendu Bay tukapande boti kwenye ziwa, nione nani anatapika na nani hatapiki, ili nipange dawa.

Mzee akasema, "Nitatapika mara moja, huko baharini. Sitafanya mazoezi."

Mzee Seif naye alikuwa amenichoka. Siku moja akaniuliza mbele ya wanawake waliokuja kununua vitambaa, "Kijana, unachagua meli ama unachagua mke?"

"Mke ni rahisi, Mzee Seif. Mke hazami."

"Mke hazami?" Mama mmoja akacheka mpaka akakaa juu ya robota. "Huyu hajaoa!"

Mwishowe niliamua. Nyeupe. Nikamwambia Mzee Seif atushikie nafasi, akatushikia. Kemunto akaandikiwa siku tutakayofika, naye akapanga tarehe ya harusi kanisani. Wazazi wa mchumba kule Marani hawakuwa wanasafiri, lakini waliamua kufanya karamu nyumbani kwao siku hiyo hiyo, ili kule wakila na huku watu wale.

Kila kitu kilikaa sawa. Nilijisikia kama nimejenga daraja.

Jumapili mchana, baada ya chakula, nikaja na ramani ya meli. Ilikuwa karatasi kubwa inayokunjuliwa, imechorwa kila chumba na kila kitanda. Nikaitandaza mezani mbele ya mzee na mama, nikaweka vikombe kwenye pembe isijikunje.

(Nyumbani tulizungumza Kikisii, nawaandikia kwa Kiswahili. Baba yetu tunamwita Tata.)

Nikaeleza. Hapa ndipo pa kulia chakula. Hapa ni mashua za kuokolea. Hapa kuna choo, hatua chache tu kutoka vyumbani. Mama akawa anasema "mmm" kila nikisogeza kidole. Jicho la mzee lilikuwa limefunguka, na nilijua amefurahi.

Nikasema, "Daraja letu, vyumba vya watu wawili vilikuwa vichache na vimekwisha. Vilivyobaki ni vya vitanda vinne. Wanawake huku, wanaume huku. Mama atakuwa hapa, na wanawake wengine watatu."

Mama akasema, "Ati nini?"

"Ni safari tu, mama."

"Nimeishi na mtu huyu tangu nikiwa msichana, hakuna aliyetutenganisha. Wewe umetutenganisha na karatasi."

Mzee akamnyamazisha kwa mkono. Akaniuliza polepole, "Na mimi nitalala wapi?"

"Hapa, Tata. Kitanda cha chini, kwa sababu ya mgongo wako."

"Na hiki cha juu yake ni cha nani?"

"Hicho ni changu."

Mzee aliangalia kile kidole changu pale kwenye karatasi. Akainuka, akavaa kofia, akasema anaenda kuangalia ng'ombe. Haikuwa saa ya ng'ombe.

Ndipo nilipoelewa.

Kwa wasio Wakisii, nieleze. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni. Mtoto wa kiume akishatahiriwa haingii tena chumba cha kulala cha baba yake. Hakalii kitanda chake. Hamwoni akivua shati. Baba naye anajizuia hivyo hivyo kwa mwanawe. Mtu wa nje huona kama hofu au uadui. Ni heshima, na ni kubwa kuliko heshima nyingine nyingi. Ndiyo hasa sababu ya kijana kujengewa esaiga.

Nami nilikuwa nimekaa ndani ya esaiga hiyo hiyo, nikichora ukutani kwa makaa, nikipanga kulala juu ya kichwa cha baba yangu mpaka London.

Nimejiuliza mara nyingi nilisahauje. Jibu langu ni kwamba nilikuwa nimekaa shule za bweni tangu utotoni, halafu chuo. Kitanda juu ya kitanda, mtu juu ya mtu. Kwangu kitanda kilishakuwa kitanda tu, namba kwenye chuma. Niliwaza jua litampiga nani, sikuwaza nani atavua nguo mbele ya nani.

Mama alikusanya vikombe. "Umesoma mpaka wapi wewe?" akaniuliza. Hakungoja jibu.

Jioni mzee aliniita uani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema, "Nenda na mama yako. Mwambie Kemunto nimemwombea."

"Tata, anakungoja wewe."

"Nimesema nimemwombea."

Nikamwangalia akirudi ndani. Huyu mtu alikuwa ameshashonesha koti. Alikuwa ameshawaaga watu kanisani. Na sasa atabaki Manga kwa sababu yangu, na dada yangu ataingia kanisani akiangalia benchi tupu.

Nilisema hapana. Nilisema kimoyomoyo, lakini nilisema. Mzee atakwenda, na atakwenda kwa heshima yake yote. Kama ni lazima nilale jikoni kwenye magunia ya viazi, nitalala.

Kesho yake alfajiri nilishuka Kisii kwa miguu. Mzee Seif alipofungua duka alinikuta mlangoni.

"Umebadilisha tena?" akasema.

"Nataka chumba cha watu wawili kwa wazee, na kitanda changu popote, hata mbali."

"Kwa nyeupe hakuna, nilikwambia. Labda daraja la kwanza."

Daraja la kwanza lilikuwa la watu wengine kabisa. Nikamwambia aulize kama kuna wenye chumba cha wawili waliojiondoa. Akapeleka simu ya maandishi, yaani telegramu, Mombasa. Jibu: hakuna.

"Basi nyeusi," nikasema.

Nyeusi ilikuwa nacho. Chumba cha wawili kwa wazee, na kitanda changu upande mwingine wa meli. Isitoshe ingefika kabla ya harusi. Nikapumua. Njia ndefu, bahari chafu kule kusini, lakini heshima imekaa.

Lakini Mzee Seif alikuwa mtu wa haki. Akaniambia, "Waambie wazee mapema. Durban na Cape Town watakaa ndani. Kule kwa makaburu hawataruhusiwa kushuka kama abiria wengine."

Nikampelekea mzee habari hiyo. Sikuificha, ingawa nilifika mlangoni mara mbili na kurudi nyuma nikipanga maneno.

Mzee alisikiliza. Akauliza, "Meli itasimama huko?"

"Itasimama, Tata."

"Kufanya nini?"

"Kushusha mizigo. Na abiria."

"Abiria gani?"

"Wazungu."

"Kwa hiyo magunia yatashuka, Wazungu watashuka, na mimi nitachungulia dirishani."

"Ni siku chache tu, kisha..."

"Mtoto wangu, nimekataa kulala nawe kwa sababu ya heshima. Sasa unanipeleka kwa watu wasiojua heshima ni kitu gani, ndiyo nipate kitanda?"

Nikavaa viatu nikatoka.

Nilirudi tena Kisii. Sitawaficha, njiani nilikaa chini kwenye jiwe na kufikiri kuacha. Labda mama atoshe. Labda picha za harusi zitatosha. Halafu nikakumbuka lile koti kwenye msumari, nikasimama.

Mzee Seif aliponiona alitoa karatasi ya mwisho bila kuulizwa. Ile ya mizigo.

"Inabeba abiria wachache tu," akasema. "Juu, karibu na maofisa, kuna chumba cha watu wawili. Chini kuna kimoja kidogo cha mtu mmoja, karibu na injini. Inapita Suez. Lakini siwezi kukuahidi tarehe. Itaondoka ikijaa mkonge na kahawa. Na itasimama popote penye mzigo, Genoa, Marseille, labda Antwerp, kisha London. Daktari hakuna."

Wakuu, mimi ni mtu niliyehitaji juma zima kuamua upande wa kulalia kwa sababu ya jua.

Nikasema, "Andika."

"Hutaki kuona picha?"

"Sitaki kuona kitu chochote. Andika kabla sijaanza kufikiri."

Akaniangalia juu ya miwani. Akaandika.

Shida sasa ikahamia upande mwingine. Meli isiyo na tarehe inampelekaje mtu kwenye harusi yenye tarehe?

Nikampelekea Kemunto simu ya maandishi: MELI IMEBADILIKA SOGEZENI HARUSI.

Akajibu: KWA NINI.

Hapo nilikwama. Ile simu ya maandishi ilipita mikononi mwa makarani wa posta ya Kisii, na wengine tulisoma pamoja. Niandike nini? "Nilitaka kulala chumba kimoja na baba"? Nikajaribu barua. Nilichana moja, nikachana nyingine. Hata kwa dada yako huandiki habari za kitanda cha baba yenu. Chinsoni inafunga mpaka mdomo. Mwishowe nikaandika tu kwamba kulikuwa na sababu na anisamehe.

Jibu lake lilikuja baada ya siku kadhaa: HARUSI IKO PALE PALE KAMA HAMTAKI KUJA SEMENI.

Nilimsomea mama. Mzee alisikia kutoka uani. Koti likatoka kwenye msumari, likarudi sandukuni.

Nikaanza kula vibaya. Mama akasema nimekonda kama ufagio.

Halafu, asubuhi moja, akaja Mzee Ondieki kutoka Marani. Huyu alikuwa baba mdogo wa mchumba, na ndiye msemaji wao. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Alipoketi hakuzunguka.

"Tumesikia harusi inasimamishwa," akasema. "Tukauliza nani anaisimamisha. Tukaambiwa ni meli. Tangu lini meli ikawa mzee wa ukoo?"

Mzee wangu akakohoa. Mama akamletea mgeni uji wa wimbi.

"Ng'ombe wetu wamenenepa, wanangoja kisu," Mzee Ondieki akaendelea. "Watu wamealikwa. Wake zetu wamepanga mpaka kuni. Sasa mnataka tuwaambie nini wale ng'ombe? Warudi malishoni? Au mmempata mchumba mwingine tajiri, semeni tu, tutalia na tutanyamaza."

"Hakuna mchumba mwingine," mama akasema.

"Basi nini?"

Mzee alikuwa anaangalia mlango. Niliona hawezi kusema. Mama naye hawezi, ni wakwe. Nikajua kama sitasema mimi, mtu huyu ataondoka na hasira yake, ataandika Uingereza, na dada yangu atapoteza zaidi ya tarehe.

Nikasogeza kiti karibu na mgeni.

"Baba," nikamwambia Mzee Ondieki, "ile meli ya kwanza vyumba vyake ni vya wanaume mbali, wanawake mbali."

"Hiyo ni meli nzuri, ina adabu."

"Mimi na mzee ni wanaume."

Alikuwa ameinua kikombe. Akakishusha bila kunywa.

"Chumba kimoja?"

"Kimoja."

"Pazia?"

"Hakuna. Kitanda juu ya kitanda."

"Nani juu?"

"Mimi."

Mzee Ondieki alijifunika mdomo kwa mkono. Alimwangalia mzee wangu, naye mzee akaangalia chini. Nilidhani atacheka, na angecheka nadhani ningekufa pale pale. Hakucheka. Akatikisa kichwa kwa muda, kama mtu aliyesikia habari za msiba.

"Hao wenye meli," akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "hawana wazee?"

"Wanao. Lakini ndivyo wanavyolala."

"Na hii mpya?"

"Wazazi watakuwa juu. Mimi niko chini kwenye injini. Lakini haina tarehe."

Akanywa uji wote, akaweka kikombe chini, akasimama.

"Ng'ombe watarudi malishoni," akasema. "Nitamwandikia kijana wetu leo. Mtaingia kanisani siku mtakayofika. Nitasema ni sisi Marani tuliomba kusogeza, tuna shughuli." Halafu akamshika mzee wangu mkono, kwa mikono miwili.

Mlangoni akanigeukia. "Lakini wewe! Graduate!" Ndipo akacheka. Tulimsikia akicheka mpaka chini kwenye njia ya kuelekea mtoni.

Tuliondoka. Basi mpaka Kisumu, treni mpaka Mombasa, kisha tukangoja kwa jamaa za Mzee Seif mpaka meli ilipojaa. Na bila shaka, baada ya hesabu zangu zote, ilitangazwa kuondoka Jumamosi.

Nikamwangalia mzee nikiwa tayari kwa vita vingine. Akasema, "Tutapanda Ijumaa kabla jua halijazama. Kesho yake sisi tutakuwa tumetulia tunaomba. Kama meli inataka kusafiri siku ya Sabato, hayo ni mambo yake."

Safari yenyewe sitaimaliza kuisimulia hapa. Chumba changu kilikuwa na joto la tanuri na kelele za injini, na nililala kama mtoto, kwa sababu hakukuwa na kitu kilichobaki cha kuamua. Chumba cha wazazi sikukiona ndani hata siku moja. Mama alikuwa akitoka asubuhi ananiambia kina kioo, kina taa ya shingo ndefu, mzee amelala vizuri. Mpaka leo sijui kuta zake zilikuwa na rangi gani.

Kutokuwa na tarehe kukawa baraka. Genoa meli ilikaa siku kadhaa ikishusha kahawa, nasi tukashuka kila siku. Nyuma ya mji kuna milima, na watu wamelima kwenye miteremko kwa kuta za mawe, ngazi juu ya ngazi. Mzee alisimama akiangalia muda mrefu, mikono nyuma.

"Hawa nao ni watu wa mlimani," akasema. Kuanzia hapo hakuogopa Ulaya tena.

Marseille mama alinunua kitambaa kwa lugha ya vidole. Baada ya Gibraltar bahari ilituchafukia, na mzee akatapika mara moja, kama alivyosema.

London tulifika mvua ikinyesha. Nilimwona Kemunto chini gatini, koti refu, mikono kifuani. Nilijua anachokibeba. Alikuwa ametiwa aibu mbele ya wenzake, amebadilisha kanisa, amebadilisha kila kitu, na hakuna aliyemwambia sababu. Ile hadithi ya shughuli za Marani hakuiamini hata kidogo.

Aliwasalimu wazazi kwanza, kwa mikono miwili, ameinama, kama vile hajawahi kuondoka Manga. Mzee alimwita kwa jina la utotoni. Macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni upepo.

Kisha akanigeukia mimi. Nikajiandaa.

Akaiangalia ile meli ya mizigo juu mpaka chini. Akamwangalia mzee. Akaniangalia mimi na masizi kwenye kola ya shati.

"Wewe ulilala wapi?" akaniuliza.

"Chini. Karibu na injini."

"Na ile meli ya kwanza?"

Niliangalia viatu vyangu.

Kemunto akashusha mikono kifuani. "Aii," akasema polepole. "Aii, ndugu yangu." Akachukua mzigo wangu kutoka mkononi, akaubeba mwenyewe mpaka nje, na neno la ile tarehe halikutajwa tena kati yetu.

Siku ya harusi benchi la mbele lilikuwa na mzee ndani ya koti lake.

Basi kijana mwenye swali la cruise, na wengine mnaopanga safari ya kwanza: mimi nilianza na meli, nikaja kwa bandari, nikaja kwa jua na mawimbi, watu nikawaweka mwisho kama mizigo. Anza na watu. Uliza nani anasafiri na nani, nani hawezi kulala na nani, nani hatakubali kushuka wapi. Ukishajua hayo, meli nyingi zitajiondoa zenyewe, na itakayobaki panda hata kama ni mbaya kwenye picha.

Na kama unafikiri sana kama mimi, kufikiri si kosa. Ila ukishapata jibu, sema "andika".

Nimemaliza, uwanja ni wenu. Waliowahi kusafiri na wazazi, mlilala vipi? Na Wakisii wenzangu, nichekeni taratibu, Mzee Ondieki alishanicheka kwa niaba yenu.